Vidoti vya Thorens ya Mjomba

Kwa Mjomba pale Magomeni kulikuwa na kitu kimefunikwa kanga juu ya kabati la sebuleni, na sisi watoto tulikuwa tunajua kabisa kwamba kile hakiguswi. Kilikuwa kibovu, ndo maana nilikuwa nashangaa mtu anatunza vile kitu kisichofanya kazi, kila Jumapili asubuhi anafunua, anafuta vumbi, anazungusha sahani kwa kidole mara moja mbili, anafunika tena. Nilivyokua nikaelewa ni rekodi pleya. Nilivyokua zaidi nikaweza kusoma maandishi yake: Thorens TD 124, Uswisi.

Thorens walianzia mji unaitwa Sainte-Croix, milimani huko Uswisi, mwaka 1883, na kazi yao ya kwanza ilikuwa visanduku vya muziki, vile ukizungusha ufunguo vinaimba vyenyewe. Yaani watu waliotoka kwenye ufundi wa saa na meno madogomadogo. TD 124 ilitoka 1957, na mpaka leo wanaojua mambo haya ukiwatajia wanatulia kidogo kabla ya kukujibu. Sasa moja ya hizo ilikuwa Magomeni, juu ya kabati, chini ya kanga.

Mjomba alikuwa karani bandarini. Katikati ya miaka ya 80 kuna Mmarekani alikuwa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba pale Oysterbay, Mjomba akaenda kutafuta friji akarudi na rekodi pleya. Friji walikuja kununua miaka minne baadaye, na mama mkubwa hajawahi kuisahau hiyo hadithi.

Tatizo lilianza siku ileile. Mashine inazunguka vizuri, kimya, haina kelele yoyote, lakini muziki unatoka mzito. Mjomba alikuwa na santuri zake nyingi, za Mbaraka Mwinshehe, za NUTA Jazz, za Cuban Marimba, nyingi zilitengenezwa Nairobi zikaja kuuzwa huku, na nyimbo zenyewe alikuwa anazijua kwa sababu redio ilikuwa inazipiga kila siku, na Mbaraka alishamwona jukwaani kwa macho yake kabla hajafariki kwa ajali mwaka 1979. Akaweka santuri, akasikia mtu mwingine anaimba. Sauti nene, gitaa limelala, ngoma inaburuta miguu. Akaniambia siku moja, "Mwanangu, ile ilikuwa kama unaongea na mtu unayemjua halafu unagundua macho si yake."

Akaita fundi. Fundi akafungua, akasema mkanda umelegea, wakabadilisha mkanda, hakuna kitu. Fundi wa pili akasema beringi imekauka, akajaza grisi nzito ile ya magurudumu ya gari, ikawa mbaya zaidi. Wa tatu akasema mota imechoka, mota ya Ulaya haiwezi joto la Dar. Na wote, kila mmoja wao, alipofika mahali pa kupima spidi alichungulia kwenye kidirisha kidogo pale mbele akasema, lakini mbona vidoti vimesimama, spidi ipo sawa. Mjomba naye anachungulia, kweli vimesimama. Akakata tamaa akafunika kanga.

Nieleze hivyo vidoti maana ndo roho ya hadithi nzima.

Chini ya ukingo wa sahani ya TD 124 kuna mistari ya alama ndogondogo, kila spidi na mstari wake. Ndani kuna taa ndogo ya neoni na kioo, wewe unaangalia kupitia kidirisha. Taa ya neoni haiwaki mfululizo, inawaka na kuzima kwa kufuata umeme wa ukutani, mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa inamweka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini ndivyo ilivyo. Kama kila taa inapomweka alama inayofuata imeshafika palepale ilipokuwa ya kwanza, basi macho yako yanaona alama zimesimama tuli japo sahani inazunguka. Sahani ikichelewa zinaonekana zinarudi nyuma, ikiwahi zinakimbia mbele. Kwa spidi ya 33 na theluthi, chini ya umeme wa hezi 50, unahitaji alama 180 kuzunguka sahani nzima, piga hesabu mwenyewe, 100 mara 60 gawanya kwa 33 na theluthi. Hakuna waya wala mshale wa kupimia, ni taa na rangi tu. Mimi nilipoelewa hili mara ya kwanza nilikaa kimya nikiangalia, kwa uzuri wake.

Mwaka juzi Mjomba alihamia kwa binti yake Tabata, vitu vikagawanywa, akasema ile nipewe mimi kwa sababu mimi ndo nilikuwa nasimama karibu akiifuta. Nikaibeba kwenye bajaji nimeipakata. Nzito aisee, sahani yake peke yake ni chuma cha kuyeyusha, kilo nne na ushee, na hapo hujagusa mwili wenyewe.

Nikaifungua taratibu siku kama kumi hivi, jioni nikitoka kazini, kila skrubu naipiga picha.

Ukiitazama kwa chini unaelewa hawa watu walikuwa wanapigana na kitu kimoja tu, mtikisiko. Fikiria sindano inasoma nini. Mfereji wa santuri una upana wa unywele hivi, na mawimbi yaliyochongwa kwenye kuta zake, yale ya sauti ndogo kabisa, yanashuka chini ya maikroni moja, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Katriji ya kawaida, kile kichwa kinachoshika sindano, inatoa umeme wa milivolti 5 hivi ambao lazima ukuzwe mara mia kadhaa na zaidi ndo spika isikie. Na besi ndo inakuzwa zaidi ya vingine, kwa sababu wakati wa kuchonga santuri besi inapunguzwa ili mfereji usipanuke ukala nafasi yote, kisha amplifaya inairudisha. Mwaka 1954 Marekani walikubaliana kanuni moja ya hilo, inaitwa RIAA, na kwa kanuni hiyo sauti ya hezi 20 inakuzwa karibu mara 10 kuliko ile ya hezi 1,000. Sasa mtikisiko wa mota uko wapi? Hukohuko chini kwenye besi. Kwa hiyo kila mngurumo wa mota unaofika kwenye sindano unapewa kipaza sauti chake. Hapo ndo unaona kwa nini mtu anatengeneza sahani ya kilo nne kuzungusha kitu cha gramu mia na kitu.

Njia ya kwanza ya kuzungusha sahani ilikuwa gurudumu la mpira, mota inasukuma mpira, mpira unasukuma ukingo wa sahani kwa ndani. Ina nguvu, inaanza fasta, lakini mtikisiko wa mota unapita kwenye mpira moja kwa moja. Garrard 301 ya Uingereza, ya 1954, ni ya namna hiyo na ilikuwa bora kabisa ya aina yake. Njia ya pili ni mkanda, mtikisiko unamezwa na ulaini wa mkanda, ila mkanda unavutika. TD 124 ilichukua vyote viwili. Mota inavuta mkanda mfupi, mkanda unazungusha puli yenye ngazi nne, moja kwa kila spidi, 16 na theluthi mbili, 33 na theluthi, 45, 78, halafu gurudumu la mpira linagusa ngazi unayotaka na kusukuma chuma. Mkanda unameza tetemeko, mpira unatoa nguvu, uzito wa chuma unalainisha kilichobaki, kwa sababu kitu kizito kikishaanza kuzunguka hakikubali kirahisi kubadilisha mwendo. Ni kama treni. Uzito mwingi wameuweka pembeni kwenye ukingo, siyo katikati, na hapo ndo unasaidia zaidi.

Juu ya chuma kuna sahani nyingine nyembamba ya alumini ambayo ndo inabeba santuri. Ukivuta kijiti alumini inanyanyuka, santuri inasimama, na chuma chini kinaendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea. Watu wa redio walikipenda hicho, sindano inawekwa mwanzo wa wimbo, mtangazaji anaongea, akimaliza unaachia kijiti na muziki unaanza hapohapo ukiwa kwenye spidi kamili. Kuna ubaya wake pia, nisiusifu tu. Chuma kinavutwa na sumaku, na katriji ina sumaku, zile za koili inayotembea zenye sumaku kubwa zinavutwa chini kwelikweli, uzito uliopanga wa sindano unaongezeka wenyewe. Hilo mtu anayetaka kununua alijue mapema.

Halafu kuna breki ya spidi ambayo haigusi kitu. Sumaku inasogezwa karibu na ile puli ya ngazi, puli ikizunguka mbele ya sumaku inazalisha umeme ndani yake yenyewe, umeme huo unapinga mwendo, inapungua. Haisuguani, haichakai, haina sauti. Unazungusha kinobu juu, unaongeza au kupunguza kama asilimia 3 hivi.

Asilimia 3. Kumbuka hiyo.

Nikasafisha ile grisi yote, ilikuwa imeganda kama sabuni ya mche, nikaweka oili nyepesi. Mpira na mkanda niliagiza mtandaoni, kuna watu Ulaya bado wanatengeneza spea za mashine hii, zikafika baada ya wiki tano. Nikaunga, nikawasha, nikachungulia kidirishani. Vidoti vimesimama kama askari. Nikaweka santuri. Mtu mwingine anaimba.

Nilikaa pale sakafuni kama nusu saa. Mota nimeisafisha, beringi mpya kabisa kwa hisia yake, ukiisukuma sahani kwa kidole inazunguka mpaka unachoka kusubiri, na kipimo kinasema sawa, na masikio yangu yanasema si sawa. Kati ya kipimo na masikio nani mwongo? Wote waliotangulia walichagua kuamini kipimo, na siwalaumu, kipimo cha Uswisi.

Nikachukua kipande cha karatasi nikabandika ukingoni, nikawasha saa ya simu, nikahesabu. Mizunguko 100 kwa spidi ya 33 na theluthi lazima ichukue dakika 3 kamili, hilo halihitaji umeme wala taa. Nikahesabu mia. Dakika 3 na sekunde 36. Nikarudia, 3 na 36. Sekunde 216 badala ya 180.

Nikagawanya. 216 kwa 180 ni 1.2. Nikalala nayo hiyo 1.2, nikaenda nayo kazini, nikiwa kwenye mwendokasi nimesimama pale Jangwani ndo ikaniingia, nikajikuta nasema kwa sauti, sitini kwa hamsini! Dada mmoja mbele yangu akageuka kuniangalia. 60 gawanya kwa 50 ni 1.2. Umeme wa Marekani ni hezi 60.

Mjomba aliponunua aliangalia volti, na volti ina kibao chake cha kubadilishia kwenye mota yenyewe, aliiweka 220, ndo maana haikuungua. Lakini hezi hazina swichi. Mota ya aina hii inafuata mapigo ya umeme, kwa hezi 50 inaenda mizunguko isiyofika 1,500 kwa dakika, kwa hezi 60 isiyofika 1,800, na kiwandani walikuwa wanafidia tofauti hiyo kwa puli ndogo ya mota, ya kwenda Marekani nyembamba, ya kwenda Ulaya nene. Ya kwetu ilikuwa nyembamba. Muziki wote ulikuwa unashuka sehemu moja ya sita, kwa mpiga gitaa ni kama kushuka freti tatu na kidogo, na ile breki yenye asilimia 3 ingefanya nini hapo.

Sasa vidoti. Nikalala chali na tochi nikahesabu vya 33, nilianza mara nne kwa sababu nilikuwa napotea, vilikuwa 216 siyo 180. Sahani yenyewe ilichorwa kwa taa ya hezi 60. Ukiileta Dar mota inapungua kwa sehemu moja ya sita, na taa nayo inapungua kwa sehemu ileile moja ya sita, kwa sababu wote wawili wanakunywa kisima kimoja. Vidoti vinasimama. Vitasimama daima, vimesimama miaka thelathini na kitu pale Magomeni vikiapa kwamba spidi ipo sawa, na fundi mwenye macho mazuri ndo anadanganywa vizuri zaidi. Mjomba alikuwa na kipimo kimoja tu ambacho hakikuunganishwa na soketi, kumbukumbu yake ya Mbaraka, na hicho ndo kilikuwa kinasema kweli siku zote na hakuna aliyekisikiliza.

Hili ndo linanifanya niwaheshimu sana Wajapani waliokuja baadaye. Technics SP-10 ya 1970 iliondoa mkanda na mpira vyote, sahani ikakaa juu ya mota yenyewe, mota inayozunguka polepole sawa na santuri. Kisha SL-1200MK2 ya 1979, ile madj wa dunia nzima wanaijua, ikaweka ndani kipande cha kwatzi, lile jiwe la kwenye saa, ambacho kinapiga mapigo yake chenyewe, mota inajipima kwa kwatzi siyo kwa umeme wa ukutani. Ukiipeleka New York, ukiileta Tandika, ukiiweka kwenye jenereta la harusini linalopanda na kushuka, alimradi volti ipo inakwenda vilevile. Na vidoti vyake vinamulikwa na taa inayofuata kwatzi hiyohiyo. Mimi bado napenda chuma cha Uswisi, lakini kwa hilo la kwatzi nawapa heshima zote.

Puli ningeweza kuagiza. Nikaamua ichongwe hapahapa, kwa sababu Gerezani kuna wazee wanakereza vyuma tangu kabla sijazaliwa na nilitaka mikono ya Dar iguse mashine hii kwa wema baada ya ile grisi. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, duka lake upana wa mlango, mashine ya kukereza imejaa ndani yeye mwenyewe anakaa nusu nje. Shikamoo, marahaba, nikamtolea puli, nikamwambia nataka kama hii ila kipenyo kiongezeke moja ya tano. Akaipima kwa venia, akaigeuza, akaniuliza, "Mkanda wake unao?" Nikampa. Akaupima unene. Akaniambia, "Kijana wangu, ukiongeza puli peke yake utakosea. Mkanda ukizunguka puli, kinachotembea ni katikati ya mkanda, siyo uso wa puli. Jumlisha unene wa mkanda kwanza, zidisha, halafu utoe." Mzee hajawahi kuona rekodi pleya ya namna ile maishani mwake. Nilikuwa nimepiga hesabu wiki nzima na hilo sikuliona.

Akakereza kwa brasi. Katikati akaacha tumbo dogo, kavimbe ambako huoni kwa macho ila ukipitisha ukucha unahisi, kwa sababu mkanda bapa siku zote unapanda kwenda mahali palipo juu, ukiacha puli nyoofu mkanda unatoka. Ya kwanza haikufaa. Tundu lilihama kidogo kutoka katikati, nikaifunga, sauti ya piano ikawa inatetemeka kama mtu anaimba juu ya pikipiki, maana puli inazunguka zaidi ya mara 20 kwa sekunde na kila mzunguko inavuta na kuachia. Nikarudi. Mzee hakubisha wala hakuuliza, akachukua kipande kingine, safari hii akatoboa tundu na kukereza nje bila kukifungua kwenye mashine, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ili vyote viwili vizaliwe kwenye mhimili mmoja. Elfu ishirini. Nilimpa zaidi akakataa, akataka nimletee siku moja asikie.

Mkono unaobeba sindano nausema kwa haraka, ni SME 3009 ya Uingereza, unakalia ukingo wa kisu badala ya beringi za kawaida, kama mizani ya sokoni, na kiwanda chenyewe kilianza kwa kutengeneza vifaa vya mifano midogo ya mashine, inaonekana. Niliupangia uzito wa gramu moja na nusu nikauacha.

Nikafunga puli ya pili, nikahesabu mizunguko mia. Dakika 3 na sekunde 2. Nikagusa breki ya sumaku kidogo, nikahesabu tena. Dakika 3. Nikahesabu mara ya tatu kwa sababu sikuamini.

Jumamosi nikaipeleka Tabata kwa Mjomba. Macho yake sasa hayaoni vizuri, kwa hiyo nilimwelezea ninachofanya, Mjomba naweka santuri, Mjomba nashusha sindano. Gitaa likaanza, likiwa juu, jepesi, linacheka. Sauti ikaingia. Alikuwa ameshika magoti yake, akayaachia. Binti yake akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni hadi wimbo ukaisha.

Jambo moja sikulirekebisha. Sahani bado ina vile vidoti 216, na ukitaka visimame kwa umeme wetu lazima mashine iende vibaya. Sasa hivi ikienda sawa, vidoti vinakimbia mbele, vinakimbia mfululizo, ukichungulia unaona mstari unateleza tu. Ningeweza kubandika vipya, sijataka. Mjomba akaniuliza siku ileile, santuri inaendelea, "Vidoti vipoje?"

"Vinakimbia, Mjomba."

"Sana?"

"Sana."

"Basi viache. Weka ile ya NUTA."